Barua kwa mwanangu wa ghalani

Mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma jana usiku hapa Newala, umeme umekatika nasoma huku chaji inaisha. Unasema wenzio pale ghalani Mtwara mjini wanakunywa chai na mihogo yao pembeni, wewe wanakuacha na kompyuta yako, sasa unauliza baba huu ni wivu wa digrii yangu au nimewakosea nini.

Wivu upo, siwezi kukudanganya. Ila si wa wote, na sidhani kama ndo shida yenyewe.

2007 stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka korosho zake ghalani na kupewa risiti mpaka ziuzwe, ndo inaanza huku kwetu, mimi nikapata ukarani wa mizani kwenye chama cha msingi kimoja cha ushirika wa wakulima, na fomu siksi yangu. Enzi hizo kijijini fomu siksi ni mtu bwana! Nikaona kuandika magunia ya korosho ni kujishusha tu, wiki ya kwanza nikawaambia kabisa jamani mimi hapa napita. Kulikuwa na mzee mmoja, darasa la saba, yeye anazamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, anachota za chini kabisa, anazitikisa kiganjani karibu na sikio, zilizokauka zinalia, zenye maji zinakuwa bubu. Siku hiyo napokea mimi, naangalia za juu naona safi, najaza daftari, mzee yuko palepale ananitazama. Mzigo umefika ghala kuu ukarudishwa, una unyevu, tukaanika upya siku nne jua la utosi. Nikamfuata, mzee wangu mbona uliniona ukanyamaza? Akasema, "Si ulisema unapita?"

Wala hakuwa na chuki. Mpita njia nani anahangaika kumfundisha kazi? Na wewe hata usipotamka wanaliona, najua ukiambiwa kahesabu magunia lazima uvute pumzi kwanza, mama yako anaijua hiyo pumzi tangu uko darasa la nne unatumwa kuosha vyombo.

Kazi ni ndogo kwako, sawa, endelea kuomba nyingine sikukatazi. Ila nimerudia meseji zako zote tatu, "hawa watu" imejaa kila mahali, jina la mtu hata moja sijaliona. Huyo unayekaa naye meza moja anaitwa nani? Nijibu hilo kwanza.

Baba yako