Rottweiler wa miezi 11 hapandishwi

Usimpandishe, ndugu yangu. Umesema jike wako ana miezi 11, ndiyo kwanza ameingia joto, na jamaa wa Bamburi anakupa dume wake bure kwa sharti la kujichagulia mtoto mmoja. Ukauliza bei ya watoto, chakula cha jike mwenye mimba na jinsi ya kumzalisha. Hayo yangoje. Nyonga za hao wawili nani amezipiga picha ya eksirei?

Mimi nilipandisha German Shepherd wangu joto la kwanza. Mkufunzi mmoja wa mbwa wa ulinzi, mtu niliyemwamini kwa wingi wa mbwa alionao, aliniambia jike akizaa mapema ndiyo hutulia, na dume lake nilitazame tu nitaona lilivyo zima. Nikalitazama. Kifua kipana, manyoya yanang'aa, ukuta linauruka kama hauko. Watoto wakazaliwa wazima na wakanunuliwa upesi, wengine wakaenda kulinda maghala Changamwe.

Walipokaribia mwaka simu zikaanza. Mmoja akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja, kama sungura. Mwengine akilala haamki mpaka ajivute kwa miguu ya mbele. Nikamrudia mkufunzi. Akasema ni upungufu wa kalsiamu, wape kwa wingi. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu mtoto wa mbwa mkubwa akizidishiwa kalsiamu mifupa yake huzidi kuharibika inapokua, na wateja wangu waliwapa kwa kuniamini mimi. Yule bwana alikuwa akiuza hiyo kalsiamu mwenyewe!

Daktari wa mifugo alipopiga picha tukaona kichwa cha mfupa wa paja hakikai ndani ya kikombe chake. Mmoja ikabidi achomwe sindano ya kumpumzisha milele. Pesa za watu nikazirudisha. Kisha nikampiga picha mama yao, ambaye hajawahi kuchechemea hata siku moja: nyonga zote mbili mbovu.

Kasoro hii hurithiwa kwa jeni nyingi, na mbwa anaweza kuwa nayo asiionyeshe kwa miaka. Kumtazama akiruka ukuta hakukwambii kitu. Wazazi wenye picha safi hawakupi uhakika kwa kila mtoto, lakini hatari hupungua sana. OFA, shirika la Marekani linalokagua picha za nyonga za mbwa, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Wako hajafika hata nusu, na mwili wake mwenyewe bado unakua.

Utaonyeshwa makaratasi ya dume, najua. Karatasi ya ukoo, hata ikiwa ya East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, inakwambia baba na babu yake ni nani. Nyonga haizitaji. Itisha picha yenye jina la mbwa na tarehe. Na ipigwe sawasawa: mbwa apewe dawa ya usingizi, alazwe chali, miguu ya nyuma inyooshwe. Anayetaka kumpiga akiwa amesimama mwache na pesa zako ubaki nazo. Jamaa wa Bamburi akikataa kumpeleka dume wake kwa daktari, basi ameshakujibu.

Kwa sasa mfungie jike ndani, karibu wiki tatu nzima. Usilegeze damu inapopungua na kuwa nyepesi, maana hapo hasa ndipo anapokubali dume, na madume wa mtaa watapita hata chini ya geti. Akitimiza miaka miwili mpeleke apigwe picha, nami nitakuja kukusaidia kumbeba. Rottweiler aliyelala kwa dawa hambebi mtu mmoja.