Najua kuogelea. Je, nikivuka ziwa peke yangu nahitaji jaketi la kuokoa maisha?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni kijana wa Igombe, Mwanza, baba yangu mvuvi, nimekulia majini. Nimesoma maisha ya Joshua Slocum, yule nahodha aliyeizunguka dunia peke yake kwa chombo cha tanga, na tangu hapo silali vizuri. Nataka kuvuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza hadi Bukoba peke yangu kwa boti ya mbao ya mita saba, yenye tanga na mashine ndogo ya akiba. Nimeandaa madumu manne ya lita 20 ili boti isizame ikijaa maji. Je, yanatosha, na niyafunge wapi? Pia kuna fundi hapa mwaloni anashona maboya ya kuvaa kwa bei nafuu. Lakini mimi kuogelea naweza vizuri, na Slocum mwenyewe hakuvaa kitu kama hicho. Je, kuna haja?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Madumu nitayamaliza haraka, maana si hayo yatakayokuua.

Dumu tupu la lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, linabeba karibu kilo 20 majini. Manne yanakupa kilo 80 hivi. Mbao zinaelea zenyewe. Kinachovuta chini ni mashine, nayo inavuta tezi, yaani nyuma. Kwa hiyo mawili yakae tezi na mawili omo, yaani mbele, moja kila ubavu. Yafunge juu, karibu na ukingo, kwenye mataruma, zile mbavu za mbao za boti. Usiyalaze sakafuni kama wengi wanavyofanya kwa kuwa ndiko kwenye nafasi. Boti ikijaa maji, dumu la sakafuni linasukuma kutoka chini na chombo kinageuka tumbo juu. Dumu lililo juu ubavuni linakiweka wima, hata kama maji yamefika ukingoni. Funga kwa kamba, si kwa mpira wa baiskeli unaolegea na kuoza juani. Dumu lililopauka kwa jua libadilishe, litapasuka siku unayolihitaji. Kama manne yanatosha, jaribio nitakalokupa mwishoni ndilo litakalosema.

Sasa nije kwenye maneno yako matatu: "kuogelea naweza vizuri". Nayasikia kila wiki. Nayasikia kwa wavuvi, kwa vijana wa boti za abiria, hata kwa watu wazima wenye watoto wanne nyumbani. Mtu akishayasema, anajiona amemaliza suala la usalama. Naomba tupige hesabu pamoja, ya darasa la tano tu.

Boti yako ikiwa na upepo wa kawaida itakwenda kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwenda sokoni. Hiyo ni kama mita 83 kwa dakika. Umesimama kurekebisha tanga, wimbi limekuja ubavuni, umeteleza, umeanguka. Mpaka uibuke, uteme maji na kufuta macho, boti imekwenda mita 20. Haijui kwamba umeanguka. Usukani umeufunga kwa kamba, tanga limejaa, inaendelea na safari yake ya Bukoba. Wewe, mwenye suruali na fulana iliyolowa, kwenye mawimbi mafupi ya ziwa letu yanayopiga usoni mfululizo, ukijitahidi sana utaogelea kilomita 2 kwa saa. Mabingwa wa dunia wanamaliza mita 1,500 kwa chini kidogo ya dakika 15, yaani kama kilomita 6 kwa saa, tena kwenye bwawa tulivu, wamevaa chupi ya kuogelea. Bingwa wa dunia angeifikia boti yako kwa shida. Wewe hutaifikia.

Mwanzoni mwa kazi yangu niliitwa kwenye mwalo mmoja ambako boti ilikuwa imeletwa na mkondo, tanga bado limepanda, sufuria ya ugali bado iko kwenye jiko. Haikuwa na tone la maji ndani. Mwenyewe hakuwemo. Kila mtu pale aliniambia jambo lile lile: "Lakini alijua sana kuogelea." Ziwa halikuwa limechafuka siku ile. Chombo kilikuwa kizima na mtu alikuwa mzima. Tatizo ni kwamba walikuwa wametengana.

Umemtaja Slocum, basi tumsome vizuri. Slocum hakujua kuogelea kabisa, na hilo linafahamika. Mtu asiyejua kuogelea na aliyekwenda maili 46,000 peke yake, kuanzia Aprili 1895 hadi Juni 1898, hakuokolewa na kuogelea hata siku moja. Aliokolewa na kutokutoka chomboni. Alipoanza alikuwa na miaka 51, na karibu maisha yake yote alikuwa ameyamalizia kwenye meli za tanga. Chombo chake, Spray, alikipewa kikiwa gofu shambani, akakijenga upya ubao kwa ubao kwa miezi 13. Kilikuwa na mizani nzuri kiasi kwamba akifunga usukani kilikwenda chenyewe: kwenye Bahari ya Hindi alikwenda maili 2,700 kwa siku 23, naye kwenye usukani hakukaa zaidi ya saa 3 zote zikijumlishwa. Vijana mnaposoma maisha ya watu hawa mnabeba ujasiri na kuacha ile miezi 13. Na usisahau mwisho wake: miaka kadhaa baadaye aliondoka tena peke yake na Spray ile ile, hakuonekana tena.

Kama unataka mfano wa baharia hodari, mchukue Éric Tabarly wa Ufaransa. Huyu alishinda mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu peke yake mwaka 1964, akashinda tena 1976. Nchi nzima ilijifunza tanga kwake. Juni 1998, usiku, karibu na pwani ya Wales, alikuwa kwenye chombo chake cha zamani, Pen Duick, wakibadilisha tanga. Mti wa tanga ukampiga, akaanguka majini. Hakuwa na jaketi, hakuwa amejifunga kamba. Zingatia kwamba usiku ule hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake chomboni, nao hawakumpata. Mwili wake uliokotwa na wavuvi wiki kadhaa baadaye. Kama Tabarly, akiwa na watu wa kumgeuzia chombo, alikwenda hivyo, mimi na wewe tunajitapia nini?

Yuko pia Florence Arthaud, Mfaransa vilevile, mwanamke aliyeshinda mashindano ya Route du Rhum ya mwaka 1990, ya kuvuka Atlantiki mtu peke yake. Mwaka 2011 alianguka usiku karibu na Corsica, akiwa peke yake, boti ikaendelea bila yeye. Alipona kwa kuwa alikuwa na taa kichwani na simu isiyoingia maji mwilini. Alimpigia mama yake, familia ikawaamsha waokoaji, akatolewa majini baada ya saa kadhaa akiwa amepoa mwili. Kuogelea kulimsaidia kungoja. Kilichomrudisha nyumbani ni simu iliyokuwa mwilini mwake badala ya kuachwa kwenye boti.

Kwa hiyo jibu la "je, kuna haja" ni kwamba haja ipo, na jaketi ni ya pili. Ya kwanza ni kamba. Tandika kamba imara kutoka omo hadi tezi, katikati ya boti, ikazwe. Vaa mkanda wa kifuani, na kutoka kwenye mkanda huo toa kamba fupi yenye kulabu inayotembea juu ya ile ndefu. Ufupi wake ndio siri: ikuruhusu kusimama na kufanya kazi, lakini ukianguka ikushike kabla mwili haujaingia wote majini. Kamba ya mita tatu haitakuokoa, itakuburuza kama sangara kwenye ndoano. Upande wa kifua uwe na kulabu unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja hata ikiwa imevutwa, na kisu kifupi kiwe kimefungwa mwilini, kwa sababu boti ndogo ikipinduka unaweza kujikuta umefungwa chini yake. Ikipinduka, kaa nayo. Usiogelee kuelekea nchi kavu hata kama unaona taa. Taa za usiku ziwani zinaonekana karibu kuliko zilivyo.

Halafu kuna usingizi, ambao hukuuliza. Mwanza hadi Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 180. Kwa kilomita 5 kwa saa hizo ni saa 36, na visiwa vitakulazimisha kuzunguka. Utapitisha usiku ziwani, upende usipende. Waliovuka bahari peke yao walilala kwa sababu bahari ina nafasi. Unaweza kwenda siku nyingi usione chombo. Ziwa letu halina nafasi hiyo. Usiku wa giza ndipo wavuvi wa dagaa wanapotoka na taa zao, nyavu zimetandazwa kila upande, na kuna mawe. Tena mvua zetu kubwa za radi hupenda kujikusanya juu ya ziwa usiku kuelekea alfajiri, pale upepo wa nchi kavu unapotoka pande zote na kukutana katikati. Ukisinzia saa hizo umesinzia wakati mbaya kuliko wote. Safari hii igawe: nenda mchana, lala kisiwani, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kusukuma boti, na mtu wa nchi kavu awe na ratiba yako na namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Boti yenyewe wapelekee TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, waikague. Najua utaambiwa ni kupoteza muda.

Sasa huyo fundi wako wa mwaloni. Hapa nitasema wazi, kwa sababu nimechoka kuzika watu. Maboya mengi ya bei nafuu yanayoshonwa mitaani ndani yake ni sponji ya godoro. Sponji ya godoro ina vitundu vilivyoungana, hewa inapita na maji yanapita. Dakika za kwanza inaelea vizuri, na ndivyo anavyokuonyesha muuzaji: anaitupa majini, inaelea, anapokea hela. Baada ya muda inakunywa maji, na sasa umevaa mzigo. Povu la jaketi halisi lina vitundu vilivyozibwa kimoja kimoja, kama povu la ndala. Ndala ikianguka ziwani leo utaikuta ufukweni mwezi ujao, bado inaelea. Kipimo ni rahisi: fumua mshono kidogo, toa kipande, kiweke mdomoni na upulize. Pumzi ikitokea upande wa pili, maji nayo yatapita. Mrudishie mwenyewe. Na jaketi la kweli linabeba shingo na kifua ili uso utazame juu hata ukiwa umezimia; dumu la kukumbatia halifanyi hivyo. Dumu limeokoa watu ziwani, sikatai, lakini waliookolewa walikuwa na nguvu za kulishika. Ukipigwa na mti wa tanga kichwani kama Tabarly, hutakumbatia kitu.

Kuna na wale wanaouza kinga. Hirizi ya ziwa, dawa ya kuchanja, maji ya kunyunyiza omo. Sina ugomvi na imani ya mtu, lakini nina ugomvi mkubwa na anayemwambia kijana kwamba akishachanjwa hahitaji jaketi. Nimeona watu waliotoa pesa ya jaketi mbili halisi kwa kinga ya namna hiyo. Aliyewauzia hakuwahi kupanda nao boti.

Na ninyi wa mashine, kwa kuwa na wewe utakuwa nayo: ile kamba nyekundu iliyojiviringa ni ya kuzima mashine ukianguka. Upande mmoja uko kwenye swichi, wa pili unatakiwa uwe mkononi au kwenye mkanda wako. Nikipita mialoni nakuta imekatwa na swichi imefungwa waya moja kwa moja, "ili isisumbue". Mwendesha boti akianguka, mashine inaendelea, na mara nyingi boti inaanza kuzunguka yenyewe, inamrudia mtu aliye majini na panga la mashine (propela) linazunguka. Wenye boti, mnaoajiri vijana, hiyo kamba ni bei ya kilo chache za sangara. Wazazi mnaopandisha watoto boti za visiwani, angalieni mkono wa anayeendesha kabla hamjakaa.

Kijana wangu, kabla hujafikiria Bukoba, fanya jaribio hili. Siku isiyo na upepo, ipeleke boti hapo Igombe kwenye maji ya kifuani, na mashine yake na madumu yake yote yakiwa yamefungwa. Ijaze maji hadi ukingoni, kisha panda na ukae katikati. Baadaye hamia ubavuni. Niandikie uniambie imekaa wima au imelalia upande gani, na tezi imezama kiasi gani, ndipo tuzungumze kama madumu manne yanatosha.