Uso umekuwa doa: kugeuza picha kuwa herufi

Swali: Naandika programu ya Python ya kugeuza picha kuwa herufi. Majengo yanatoka vizuri, lakini uso wa mtu unatoka mrefu kama umevutwa, tena hauna macho wala mdomo, ni doa tu. Picha yenye weupe mwingi inaiangusha programu kabisa. Nimeongeza alama kutoka 10 hadi 70, bado. Nifanyeje?

Jibu: Tuanze na urefu, maana huo hautatuchelewesha. Nafasi ya herufi kwenye skrini si mraba. Kimo chake hukaribia mara mbili ya upana. Picha ya pikseli 800 kwa 600 ukiipa herufi 100 kila mstari, hesabu ya kawaida inadai mistari 75. Chukua nusu, yaani 37. Na fonti iwe ile ambayo herufi zote zina upana mmoja, kama Courier.

Programu kuanguka, karibu kila mara chanzo ni hesabu inayochagua alama kwa mwangaza wa pikseli: mwangaza * 10 // 255 (10 ni idadi ya alama, // ni kugawanya na kuacha sehemu inayobaki). Nyeupe kabisa ni 255, kwa hiyo unapata 10, ilhali Python huanza kuhesabu kwenye 0 na orodha ya alama 10 inaishia 9. Gawanya kwa 256.

Sasa doa, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Rudi kwenye alama zako 10:

" .:-=+*#%@"

Tuseme uso umepigwa kivulini na mwangaza wake wote uko kati ya 90 na 150. Piga hesabu: 90 inaangukia namba 3, 150 inaangukia namba 5. Paji, pua, macho na mdomo vyote vinagawana - na = na + basi. Ukiwa na alama 70 uso huohuo utapata 18, lakini wino wa alama hizo unakaribiana mno, jicho haliwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana kuongeza hakukusaidia, na mimi nisingepita 10 kwa picha za watu.

Kinachohitajika ni kuutanua mwangaza, ile 90 ishuke hadi 0 na 150 ipande hadi 255. Kata picha ubaki na uso tu, kwani dirisha linalong'aa nyuma yake litaharibu vipimo. Kisha, ukitumia Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha (p ni picha yako, "L" huifanya ya kijivu, mistari ni idadi uliyopata kwa hesabu ya mwanzo):

p = p.convert("L").resize((100, mistari))
p = ImageOps.autocontrast(p, cutoff=2)

Usigeuze mpangilio huo. Kupunguza ukubwa huchanganya pikseli jirani na kuubana mwangaza upya, kwa hiyo tanua baada yake. Ile cutoff=2 inapuuza asilimia 2 ya pikseli zenye giza zaidi na asilimia 2 ya zile zinazong'aa zaidi, ili mmeto mmoja kwenye miwani usiitawale picha nzima.

Orodha ile ya alama 10 ni ya skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Ukichapisha kwenye karatasi, igeuze ianze na @.