Kwa msaidizi mpya kwenye gari la wagonjwa

Wengi wanaoanza kazi hii hudhani wao ni wa kuendesha gari na kubeba machela tu, tiba ni ya mtabibu. Mimi naamini mtabibu mwenye msaidizi mzuri hutibu vizuri zaidi, kwa kuwa macho na mikono yake haviondoki kwa mgonjwa.

Ukiingia zamu, kagua gari mwenyewe, hata kama wanaotoka wamekuhakikishia kila kitu kipo. Anza na oksijeni, na usome geji. Mtungi mdogo wa lita 340, mgonjwa akipewa lita 15 kwa dakika, huisha baada ya dakika 23 hivi. Je, hospitali mtakuwa mmefika? Washa mashine ya kunyonya makohozi uone kama inavuta. Angalia chaji ya mashine ya kushtua moyo na tarehe ya mwisho ya pedi zake.

Moyo wa mgonjwa ukisimama, mikono yako ndiyo tiba. Kwa mtu mzima, kandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara uache kifua kijiinue chote. Pokezaneni kila dakika 2, hata anayekandamiza akisema bado ana nguvu, maana mikandamizo hupungua kina kabla mwenyewe hajahisi kuchoka. Anayepokea awe tayari amepiga magoti upande wa pili, ili mkono usisimame zaidi ya sekunde 10.

Ukiagizwa dawa, taja jina na kipimo kwa sauti, kisha mwonyeshe mwenzako lebo. Na ukisikia jambo ambalo yeye hakulisikia, liseme hapo hapo, awe mkubwa wako kiasi gani: "Samahani, mama amesema aspirini humdhuru." Kunyamaza kwa heshima wakati huo kunaweza kumuua mtu.

Ndugu wa mgonjwa ni jukumu lako pia. Mmoja akusanye dawa zote anazotumia mgonjwa, azitie kwenye mfuko. Kama ni dalili za kiharusi, mdomo umepinda au mkono hauinuki, uliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, uandike. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hiyo saa hiyo hospitali wataitaka mapema.

Kwenye usukani, king'ora kinaomba njia tu, kwa hiyo punguza mwendo kwenye makutano. Kumbuka nyuma kuna mtu ameshika sindano: mtangazie tuta na kona kabla hujazifikia.

Mkishamkabidhi mgonjwa, safisha machela na ujaze vilivyotumika kabla hujapumzika. Sanduku la sindano zilizotumika likifika robo tatu, lifunge uweke jingine.