Fundi Anajibu: Hita Inanguruma, Maji Vuguvugu

Habari za kazi, fundi. Hita yetu ni ya lita 50, koili kilowati 1.5. Zamani tukiwasha saa moja na nusu nyumba nzima inaoga. Siku hizi hata saa tatu maji yanatoka vuguvugu, tena ikiwaka inanguruma. Haijamaliza miaka mitatu. Aliyekuja kuitazama anasema tununue mpya.
– Mama wa watoto wanne, Ilazo

Njema, mama. Usinunue kitu bado. Chungulia ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe uliogandia chini ndio uko kwenye hita, ila mwingi zaidi. Maji mengi ya Dodoma mjini yanatoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na yanakuja na madini yake. Yakipata moto, madini yanajitenga na kuganda penye joto kali, yaani kwenye koili. Ngurumo unayoisikia ni maji yaliyonaswa chini ya ukoko yanatokota kama maharage kwenye chungu kilichofunikwa. Joto halisambai. Thamostati, kile kifaa cha kudhibiti joto kilichokaa kando ya koili, inahisi moto umetosha, inakata, huku maji mengine tangini bado ya baridi.

Hesabu yako ya zamani ilikuwa sawasawa. Lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinakula kama uniti 2.3 za luku, na koili yako inazimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Hita haina kosa, imekosa kusafishwa tu.

Ita fundi umeme, na usimame hapohapo umwone akizima breka ya hita, siyo swichi ya ukutani peke yake, kisha apime kwa testa. Afunge koki ya maji baridi, amwage maji yote, afungue nati, achomoe koili. Ilale kwenye siki usiku kucha. Akishika nyundo aigonge, mnyang'anye. Tangini akombe ule mchanga mweupe wote. Aitazame na fimbo ya magnesi: hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi, na ikibaki waya mtupu ibadilishwe. Gasketi iwe mpya. Halafu, na hapa ndipo koili nyingi zinapoungulia, msiwashe umeme mpaka bomba la maji ya moto litoe maji mfululizo bila kukohoa hewa. Kwa maji yetu haya, fanyeni hivyo kila mwaka. Thamostati iacheni kwenye 60; mkizidisha, ukoko unajijenga upesi.

Shikamoo fundi. Nina sola ya maji juu ya bati, ile ya mirija ya kioo. Maji yalikatika, simtanki likakauka. Yaliporudi saa saba mchana nikasikia paa! Mirija miwili imepasuka. Ni jua la Dodoma?
– Kijana wa Nzuguni

Marahaba, mwanangu. Jua unalionea. Mirija mitupu ilikuwa imeokwa tangu asubuhi, ukaimiminia maji baridi ghafla. Kioo gani kitavumilia? Mgao ukianza, funga koki inayopeleka maji kwenye sola kabla simtanki halijaisha. Ikishakauka, ifunike kwa turubai na uijaze alfajiri au usiku, ikiwa imepoa. Ukipanda kubadilisha hiyo miwili, futa vumbi kwenye iliyobaki, na hakikisha inatazama kaskazini, maana Juni na Julai, ndiyo miezi yetu ya baridi, jua linapita upande huo.

Fundi, mwanangu anasoma Uingereza. Chumbani kwake kuna redieta, lile bamba la ukutani linalopasha chumba joto kwa maji ya moto; chini ni ya moto, juu ni ya baridi. Kaniambia nikuulize.
– Baba wa Kisasa

Mzee wangu, hewa imenasa humo juu. Azime mfumo, asubiri redieta ipoe, ashike kitambaa, afungue kidogo skrubu iliyo juu pembeni kwa ufunguo wake mdogo. Hewa itafoka, maji yakianza kutoka, afunge. Kisha asome geji ya boila, ule mtambo unaochemsha maji ya redieta: mfumo ukiwa baridi, presha iwe kati ya bari 1 na 1.5. Ingekuwa juu moto na chini baridi, ningesema ni tope, na hilo amwachie mwenye nyumba. Boila ya gesi yenyewe asiifungue kabisa. Kule sheria inataka fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani daftari la mafundi wa gesi.