Oili inavuja siku moja baada ya sevisi? Usikubali kuambiwa "ongeza tu"

Ndugu zangu wenye pikapu na magari ya kazi, hili naliandika likiwa bado la moto kichwani maana ningelijua mapema ningejiokolea siku nzima na presha isiyo na sababu.

Nina Hilux dabo kabini ya 2013, injini ni 2KD ya dizeli, kazi yake ni kupeleka mabomba ya umwagiliaji kwa wakulima wa Ilula na Ruaha Mbuyuni huko Iringa. Gari likisimama na kazi imesimama. Ndo maana sevisi huwa napeleka kwa wakala na sio gereji ya mtaani, nalipa hela nyingi zaidi lakini napata risiti ya EFD na kila kitu kinaandikwa. Ijumaa jioni nikalichukua, oili imebadilishwa, filta mpya, gari limeoshwa linang'aa, nikaenda zangu nyumbani Mbezi, Dar.

Jumamosi alfajiri nalitoa nikaona doa chini, ukubwa kama sahani ya chai. Nikagusa kwa kidole, oili, tena nyeusi. Hapo ndo nilipokosea. Nikajisemea hii itakuwa oili ya zamani iliyowamwagikia jana wakati wanatoa filta, maana ingekuwa mpya ingekuwa na rangi ya asali. Nikawasha nikaondoka kuelekea Iringa.

Sasa ngoja nieleze hilo la rangi kwanza maana hata dada wa mapokezi wa kwa wakala baadae aliniambia hivyo hivyo kwenye simu. Kwenye injini ya dizeli rangi haikusaidii kabisa. Ukimwaga oili kuna kiasi kinabaki ndani, kwenye njia za oili, kwenye turbo (ile feni inayosukumia injini hewa), kimejaa masizi, ile mpya ukiiweka ukawasha gari dakika chache tu inachanganyika na hayo masizi inakuwa nyeusi tii. Kwa hiyo mtu akikuambia "hiyo nyeusi ni ya zamani kaka, itakauka yenyewe" usimkubalie kwa rangi, mwambie muipime. Kwenye petroli walau oili mpya hukaa inang'aa kwa muda, kwenye dizeli hapana.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Futa kwa kitambaa kote palipolowa, ukiwa na breki klina ndo vizuri zaidi, tandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, washa gari liungurume dakika tano hivi, zima, angalia. Oili iliyomwagika wakati wa sevisi ukiifuta imeisha. Inayovuja inarudi, na matone kwenye boksi yatakuonyesha ni upande gani. Kikubwa uangalie kuanzia juu kushuka chini, maana oili inateremka na upepo wa barabarani unaisukuma nyuma, unaweza kukuta gia boksi imelowa yote ukaanza kuilaumu kumbe tatizo liko mbele kwenye filta.

Turudi safarini. Nimefika Chalinze nikasimama kunywa chai, nashuka tu harufu ya oili inayoungua ikanipiga puani, na kamoshi kembamba kanatoka chini upande wa egzosti, yaani bomba la moshi. Nikazima. Boneti juu, nikasubiri kama dakika kumi oili ishuke kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikavuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikaifuta, nikairudisha, nikavuta tena. Oili iko chini ya alama ya chini kabisa. Na kwenye dashibodi hakuna taa yoyote iliyowaka!

Hapa watu wengi wanaangamiza injini zao kwa kutojua tu. Ile taa nyekundu yenye picha ya kibuyu cha oili haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima presha. Presha inaweza kuwa nzuri tu huku oili inapungua na kupungua, mpaka siku pampu inavuta hewa ndo taa inawaka, na hapo tayari beringi za krankishafti na turbo zinasagana kavu. Taa hiyo ikiwaka unazima injini hapo hapo ulipo, ukishasogea pembeni salama, usiseme "ngoja nifike petroli stesheni ile pale". Na usiisubiri iwake ndo uangalie dipstiki. Magari mengine mapya yana kipimo cha kiwango cha oili pia, kama lako halina basi dipstiki ndo kipimo chako.

Nikapiga simu kwa wakala. Jibu la kwanza: ongeza oili kaka, halafu uirudishe tuiangalie. Nikakataa, na wewe nakusihi ukatae. Kuongeza oili kwenye kitu kinachovuja chini ya presha ni kamari, hujui kinavuja kwa kasi gani na kasi inaweza kubadilika njiani, hapo ulipo kinavuja matone, baada ya kilomita tano kinamwaga yote. Halafu matone yanaangukia egzosti yenye moto, hiyo sio ishu ya kuchezea, gari linaweza kuwaka. Nikamwambia dada kwa heshima tu, mimi gari siliwashi, nileteeni fundi au mtume brekidauni, kazi mmeifanya nyie jana na risiti ninayo hapa. Akasema ataongea na msimamizi. Nikamwomba jina la msimamizi na namba yake, na maongezi yote nikayaandika upya nikamtumia WhatsApp yule msimamizi, saa ngapi nimepiga, nimeambiwa nini, nimejibu nini, kilomita ngapi zimetembea tangu sevisi. Maneno ya simu yanayeyuka ndugu zangu, ujumbe ulioandikwa unabaki.

Wakati nasubiri akaja mzee mmoja fundi wa pale pale, mtu mzima, ana tochi mkononi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akalala chini akamulika, akaniita. "Njoo uone mwanangu, hii filta ina raba mbili." Kweli bana, pale filta inapokaa kwenye injini ulikuwa unaona mdomo wa raba umetokeza pembeni. Kilichotokea ni kwamba filta ya zamani ilipotolewa raba yake ya kuzibia oili ilibaki imeganda kwenye injini, fundi wa wakala hakupitisha hata kidole kukagua, akafunga filta mpya juu yake na raba yake mpya. Raba mbili zikikaa pamoja hazishiki vizuri, gari likiunguruma taratibu pale pale zinaweza kuvumilia kwa muda, ukianza kutembea mwendo wa barabara kuu presha ikapanda oili inapenya katikati yake. Ndo maana Ijumaa jioni nimetoka kwao pakavu.

Mimi nikamwambia mzee si tuifungue basi. Akakataa yeye! Akasema piga picha kwanza, piga na video, na usiguse mpaka waliofanya waje waione kwa macho yao, ukishafungua watasema ni mimi niliyeharibu. Huyo mzee namheshimu mpaka leo. Angeweza kupata hela yake ya haraka pale, akachagua kunilinda. Nilimpa ya soda na namba yake ninayo. Kwa hiyo ushauri wangu ndo huo alionipa yeye: fundi wa jirani mwache aangalie, amulike, akuambie anachokiona, ila spana isiguse kitu hadi wenye kazi wafike. Picha ziwe za karibu na za mbali, ya dipstiki, ya doa, ya kilomita kwenye dashibodi, ya risiti. Kama uko porini na hakuna mtandao wala msaada hiyo ni habari nyingine, hapo okoa injini kwanza, ila picha bado unaweza kupiga.

Fundi wao akafika saa saba mchana na filta na oili. Kabla hajamwaga nikamwomba amwagie kwenye dumu safi tupime. Injini hii inachukua karibu lita 7 pamoja na filta. Zilitoka lita 4 na kidogo. Yaani zaidi ya lita 2 zimeachwa kwenye lami kati ya Mbezi na Chalinze, na bodaboda wanapita humo humo. Hilo liliniuma. Doa la pale nyumbani nililifunika kwa maranda ya mbao, nikayazoa nikayafunga kwenye mfuko, usilimwagie maji likaingia mtaroni, la barabarani ndo hivyo tena.

Filta ilivyotoka, raba ya zamani ikabaki pale pale kwenye injini kama alivyosema mzee. Fundi kijana wa watu akanyamaza, akaibandua, akafuta, akapaka oili kidogo kwenye raba ya mpya, akafunga kwa mkono mpaka raba iguse halafu akaongeza robo tatu ya mzunguko. Filta za kuzungusha nyingi ni hivyo, maelezo yameandikwa kwenye boksi lake, kukaza kwa spana ya mnyororo ndo kunapasua raba.

Kisa changu kilikuwa filta lakini gari likivuja baada ya sevisi angalia pia nati ya sampu, ile ya kumwagia oili. Ile ina washa yake, kapete ka kopa au alumini, inatakiwa ibadilishwe kila oili ikibadilishwa, ikirudishwa ya zamani inaweza kutoa tone moja moja usiku kucha. Kibaya zaidi ni nati iliyoingizwa kombo ikala meno ya sampu, hiyo kaa nayo macho, wakikuwekea tepu au gundi kataa, waweke sampu nyingine au watengeneze meno upya kitaalamu. Juu kwenye mfuniko wa oili pia angalia, ukiachwa haujakazwa oili inaruka injini nzima inalowa. Na kujaza kupita alama ya juu nako ni tatizo, oili inatoa povu, inasukumwa kwenye bomba la kupumulia kuelekea kwenye turbo, dizeli ikianza kunywa oili yake yenyewe inaweza kupandisha mzunguko hata ukizima swichi.

Sasa sehemu ambayo naona wengi tunaachia haki zetu zinaondoka. Wakishakufungia vizuri wanakupa karatasi usaini uende. Jumatatu nimerudi kwao wakaniletea jobu kadi imeandikwa mteja amelalamika oili inavuja, imerekebishwa. Basi. Nikasema sisaini hii. Andikeni chanzo: raba ya filta ya zamani haikutolewa wakati wa sevisi ya tarehe fulani, gari limetembea kilomita kadhaa, oili iliyobaki ilikuwa lita kadhaa. Walizungukazunguka karibu saa nzima, nikakaa, sikupandisha sauti, nikawa naonyesha tu picha. Wakaandika na muhuri wakagonga. Hiyo karatasi ndo kila kitu, kwa sababu beringi zikiumia kwa kukosa oili hazifi siku ile ile, zinaweza kuanza kugonga baada ya miezi, na hapo bila maandishi utaambiwa gari lako ni la zamani.

Nikaomba pia wapime presha ya oili kwa geji ya kufunga kwenye injini, sio kwa kuangalia taa, injini ikiwa ya moto, ikiunguruma taratibu na ikikanyagwa, waandike namba na walinganishe na kitabu cha gari. Ilikuwa sawa. Na baada ya kilomita 1,000 tukabadilisha filta tena kwa gharama yao, ile iliyotoka tukaikata tukakunjua karatasi yake kuangalia kama kuna vumbi la chuma linalometameta. Hapakuwa na kitu, namshukuru Mungu.

Wangenigomea nilikuwa nimeshapanga: barua kwa meneja mwenye tawi na nakala yangu isainiwe kwamba imepokelewa, halafu Tume ya Ushindani, FCC, wao wanashughulika na malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Sikufika huko. Lakini nilipomtajia msimamizi kwamba njia naijua mazungumzo yalibadilika kabisa, akaanza kunisikiliza.

Siku hizi sitoki getini kwao kabla sijafanya mambo yangu. Naomba liwashwe liachwe dakika tano, nazima, nainama na tochi ya simu naangalia filta na nati, navuta dipstiki mwenyewe. Wananiangalia, sawa, waniangalie. Usiku wa kwanza gari linalala juu ya boksi, na nikisafiri nasimama Mlandizi kuangalia chini hata kama sina haja ya kusimama. Ukimwachia dereva gari mfundishe haya na umpe ruhusa ya kuzima gari bila kukupigia simu kwanza, maana dereva anayeogopa bosi wake ndo anaendelea na taa nyekundu inawaka.

Na kama una safari ya Jumamosi usifanye sevisi Ijumaa. Fanya Jumanne au Jumatano, lizungushe mjini siku mbili tatu, likiwa na shida itajitokeza ukiwa karibu na wao na wamefungua.