Silsila ya Wadakaji

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, kuna kitu cha zamani unachokikusanya, na kwa nini umekichagua hicho kuliko vingine?" Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani, na ninachokikusanya ni kadi za zamani za besiboli. Sikusanyi kadi za wachezaji wote, bali za wadakaji peke yao, yaani wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji, wakiwa wamevaa kinga za uso, kifua na miguu, ili kuudaka mpira unaorushwa na mrushaji.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuziona, kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu vinavyokaribiana kwa ukubwa na karata za kuchezea. Upande wa mbele pana picha ya mchezaji, na nyuma pana maelezo yake mafupi: alipozaliwa, kimo chake, uzito wake na takwimu za uchezaji wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara, na mfululizo mashuhuri kuliko yote wa zama hizo, unaojulikana kwa jina la T206, ulitoka kati ya mwaka 1909 na 1911. Baadaye zikahamia kwenye chingamu: kampuni ya Goudey ya Boston ilitoa seti yake kubwa mwaka 1933, Bowman ya Philadelphia ikaanza na kadi 48 za rangi nyeusi na nyeupe mwaka 1948, kisha Topps ya Brooklyn ikatoa seti ya kadi 407 mwaka 1952, na miaka minne baadaye ikainunua Bowman. Alama kama ile ya T206 tumeachiwa na Jefferson Burdick, mkusanyaji aliyeyatumia maisha yake kuziorodhesha kadi za Marekani, akalitunuku jumba la makumbusho la Metropolitan la New York mkusanyo wake wa vipande zaidi ya 300,000, na akaendelea kuvibandika mwenyewe katika albamu, ingawa maradhi ya viungo yalikuwa yakimtesa, hadi alipomaliza kazi hiyo mwaka 1963, mwaka uleule aliofariki. Kila mkusanyaji wa leo anamtegemea mtu huyu, ajue asijue.

Sasa nieleze kwa nini wadakaji. Katika besiboli mdakaji ndiye mchezaji pekee anayeutazama uwanja mzima akiwa mbele yake, kwa kuwa wenzake wote wa upande unaolinda wameelekea kwake. Kwa desturi ndiye anayempa mrushaji ishara kwa vidole, afiche ishara hizo katikati ya mapaja yake ili wapinzani wasizione, amkumbuke kila mpigaji na udhaifu wake, na bado awe tayari kusimama ghafla na kuutupa mpira hadi kituo cha pili, kati ya vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili kupata alama, kabla mkimbiaji hajafika. Ufundi huu haupatikani kwa nguvu za mwili wala kwa kipaji peke yake. Hufundishwa, na kwa kawaida hufundishwa na mdakaji mwingine aliyetangulia. Kwa hiyo anayekusanya kadi za wadakaji, akizipanga vizuri, hujikuta ana silsila mezani, kama ile ya masheikh na wanafunzi wao, ambamo kila jina limepokea kutoka kwa jina lililo kabla yake.

Silsila iliyo wazi kuliko zote ni ya timu ya Yankees ya New York. Inaanza na Bill Dickey, aliyeingia katika timu hiyo mwaka 1928 na ambaye kadi yake ya Goudey ya mwaka 1933 ndiyo kongwe kati ya zile ninazozithamini zaidi. Anafuata Yogi Berra, mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia wa St. Louis, baharia aliyekuwapo kwenye pwani ya Normandy mwaka 1944, ambaye kadi yake ya kwanza imo katika zile 48 za Bowman za mwaka 1948. Wakati kadi ile inachapishwa, Berra alikuwa mpigaji wa kutisha lakini mdakaji asiyeaminika. Mwaka 1949 Dickey alirudishwa Yankees kama mwalimu, na kazi yake kubwa ilikuwa kumnoa kijana huyo. Matokeo yake ni tuzo tatu za mchezaji bora wa ligi, za miaka ya 1951, 1954 na 1955. Wawili hao walivaa jezi namba 8 kwa nyakati tofauti, na mwaka 1972 Yankees waliistaafisha namba hiyo, yaani isivaliwe tena na mchezaji mwingine, kwa heshima ya wote wawili kwa pamoja.

Wa tatu ni Elston Howard, na hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo, kwa sababu ndiye ninayempenda kuliko wote. Howard alikuwa mchezaji wa kwanza Mweusi wa Yankees, na alianza mwaka 1955, miaka minane kamili baada ya Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kubwa, kufungua mlango huo kule Brooklyn. Alisajiliwa akiwa mlinzi wa nje, yaani anayesimama mbali na mpigaji, na viongozi wakaamua kumgeuza mdakaji, chini ya mafunzo ya Dickey yuleyule, katika timu ambayo tayari ilikuwa na Berra. Wako waliosema kwamba hiyo ilikuwa njia ya kumchelewesha, na mimi naona hoja yao ina uzito. Hata hivyo alisubiri, alijifunza, na mwaka 1963 akawa Mweusi wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Amerika, mojawapo ya ligi kubwa mbili. Kadi yake ya kwanza ni ya Bowman ya mwaka 1955, seti ambayo picha ya kila mchezaji imewekwa kana kwamba anaonekana ndani ya televisheni yenye fremu ya mbao. Kwa kuwa rangi ya fremu ni ya kahawia hadi ukingoni, kila pembe iliyosuguliwa huonyesha weupe wa karatasi, na ni nadra kuipata ikiwa safi.

Howard alirudi Yankees mwaka 1969 kama mwalimu, na mwaka huohuo akaingia Thurman Munson, kijana wa hapa Ohio, mzaliwa wa Akron aliyekulia Canton, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka ninapoishi. Kadi ya Munson ya Topps ya mwaka 1971 kwangu ni kadi nzuri kuliko zote zilizochapishwa za mdakaji yeyote. Topps walikuwa wameanza mwaka huo kutumia picha za rangi zilizopigwa katikati ya mchezo, na walimwonyesha Munson akimzuia mkimbiaji kwenye kituo cha mwisho, kiitwacho nyumbani, vumbi likitimka, ndani ya ukingo mweusi tii ambao humenyeka kwa kuguswa tu. Munson alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1976, na tarehe 2 Agosti 1979 alifariki akiwa na umri wa miaka 32, ndege yake ndogo ilipoanguka alipokuwa akifanya mazoezi ya kuruka na kutua katika uwanja wa ndege wa Akron-Canton. Dickey, Berra, Howard, Munson: miaka 50 ya kazi moja, na kadi nne zinatosha kuionyesha.

Lakini silsila iliyonifundisha zaidi ni ile ambayo siwezi kuikamilisha. Roy Campanella wa Brooklyn Dodgers, naye mshindi wa tuzo tatu za mchezaji bora, hakujifunzia kudaka katika ligi kubwa. Alijiunga na Elite Giants, timu ya ligi za Weusi, mwaka 1937 akiwa na umri wa miaka 15, na mwalimu wake alikuwa Biz Mackey, ambaye wengi waliomwona walimhesabu kuwa fundi mkuu wa kudaka. Kadi ya Campanella ya Bowman ya mwaka 1949 inapatikana, kwa bei kubwa kiasi. Ya Mackey haimo katika seti yoyote ya Goudey, kwa sababu watengenezaji wakubwa wa chingamu walichapisha sura za wachezaji wa ligi kubwa, na ligi kubwa ziliwafungia Weusi nje. Josh Gibson, mdakaji mwingine wa ligi za Weusi, yuko katika hali hiyohiyo. Mwaka 2024, takwimu za ligi za Weusi zilipoingizwa katika kumbukumbu rasmi, mdakaji huyu aliwekwa juu ya wapigaji wote wa historia kwa wastani wa kupiga wa .372, akampita Ty Cobb aliyeshika nafasi hiyo kabla yake. Lakini alifariki Januari 1947, miezi mitatu pungufu kabla ya Robinson kucheza Brooklyn, na kadi yake ya zamani ambayo wakusanyaji huitafuta ilichapishwa Puerto Rico, alikowahi kucheza, na baada ya yeye kufa. Katika albamu yangu nimewaachia Mackey na Gibson nafasi zao, kila mmoja katika mwaka wake. Sikutaka kuzijaza kwa kadi za ukumbusho zilizotolewa miongo kadhaa baadaye, kwa sababu pengo lile ni sehemu ya historia ya kadi hizi sawa na picha zilizopo.

Campanella mwenyewe ana kadi nyingine ambayo nisingependa kuipita. Januari 1958 gari alilokuwa akiliendesha lilipinduka usiku kwenye barabara yenye barafu, akapooza kuanzia mabegani kwenda chini, wiki chache kabla ya timu yake kuanza maisha mapya Los Angeles. Mwaka uliofuata watu 93,103 walijaa katika uwanja wa Coliseum kwa mchezo wa kumuenzi, na Topps wakatoa kadi namba 550 inayomwonyesha akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu. Kadi za watoto wanaonunua chingamu hazikuwa na mazoea ya kuonyesha jambo kama hilo, na ninawaheshimu waliothubutu kuichapisha.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mwaka 2022 kadi moja ya Topps ya Mickey Mantle, nyota wa Yankees, ya mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6, na habari za namna hiyo huwafanya watu waamini kwamba ukusanyaji ni biashara ya matajiri. Si kweli kwa anayekubali kadi zilizotumika. Tangu kampuni za kupima ubora zilipoenea katika miaka ya 1990, kadi hupewa alama kuanzia 1 hadi 10 na kufungiwa ndani ya plastiki ngumu, na tofauti ya alama mbili inaweza kuwa tofauti ya mshahara wa miezi. Mimi hununua zile za alama za chini kwa makusudi, zenye mikunjo na pembe za mviringo, kwa kuwa naona ndizo zilizotimiza kazi yake: zilishikwa, zilibadilishanwa, zilibebwa mfukoni na mtoto aliyemjua mchezaji huyo kwa jina. Ninachokataa kabisa ni kadi iliyopunguzwa kingo kwa wembe ili ionekane mpya, na nakala zilizochapishwa upya zinazouzwa kama za asili, ambazo ni nyingi mno kwa Goudey. Kioo cha kukuzia husaidia, hasa ukiilinganisha karatasi na kadi nyingine ya hakika ya mwaka uleule, hata ikiwa ni ya mchezaji asiyejulikana.

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza mchezo huu unatuhusu nini. Huwatajia Dennis Kasumba, kijana wa Uganda aliyejifua kwa matairi na vifaa vya kuokoteza, akafika Maryland mwaka 2023 kuichezea timu ya Frederick Keys. Nafasi yake uwanjani ni mdakaji.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, ushauri wangu ni kuziacha kwanza kadi za mwaka wa kwanza wa mchezaji, ambazo ndizo ghali, na kutafuta za miaka yake ya kati. Kadi za Topps za Howard za miaka ya 1960 bado zinapatikana kwa gharama ya chakula cha mchana, na nyuma yake takwimu zimeshakuwa ndefu vya kutosha kusomeka mwaka kwa mwaka.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio